Uliza Ujibiwe: Jina la mwenye kazi limefutwa, wewe unauza, jela iko karibu kiasi gani?

Barua za safari hii zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka mle mle: picha, nyimbo na vitabu vya watu vimefutwa jina la mwenyewe au vimebadilishwa namba zake, halafu vinaingia sokoni kama kawaida. Nimechagua chache nikazifupisha, na majina ya walioandika nimeyaondoa kwa ridhaa yao wenyewe, msije mkanishtaki na mimi.

Shikamoo dada. Mi nauza nyimbo na vitabu vya kusomea kwenye simu, nawajazia watu kwenye fleshi na memori kadi. Mafaili nanunua kwa jumla kwa jamaa mmoja, yanakuja yameshapangwa. Juzi kati mteja kaniambia nyimbo nyingi zimefutwa jina la msanii na zimewekewa taarifa za uongo, eti naweza kufungwa. Mi sijafuta kitu, nimenunua tu kama mtu mwingine. Kuna kesi hapo? – Muuza mafaili

Marahaba mdogo wangu. Kesi ipo, na zinaweza kuwa mbili kwa mpigo. Ya kwanza ndo ile mnayoijua wote, kuuza nakala za kazi ya mtu bila ruhusa yake, hiyo ni kuvunja hakimiliki na haijali jina lipo au halipo. Ya pili ndo hii ambayo wengi hawajawahi kuisikia mpaka wasomewe mashtaka: kufanya biashara ya kazi ambayo taarifa zake za haki zimechezewa, huku ukijua kwamba zimechezewa. Hilo ni kosa linalojitegemea, unaweza kushtakiwa nalo peke yake au likapangwa pamoja na lile la kwanza.

Taarifa za haki maana yake ni maelezo yoyote yaliyoambatana na kazi yanayosema hii ni kazi gani, nani kaitunga, nani anaimiliki, masharti ya kuitumia ni yapi, pamoja na namba au alama za utambulisho zinazosimama badala ya maelezo hayo. Msingi wake ni mkataba wa hakimiliki wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki za ubunifu, uliopitishwa Geneva Desemba 20, 1996 ukaanza kufanya kazi 2002, kifungu cha 12, na pacha wake wa waimbaji na watayarishaji wa rekodi una kifungu cha 19 kinachosema karibu maneno yale yale. Nchi zilizojiunga zikaenda kutunga sheria zao kwa kufuata hapo. Sasa sikiliza vizuri, kifungu hicho kina miguu miwili, mmoja unamshika anayefuta au kubadilisha, na wa pili unamshika anayesambaza, anayeingiza nchini ili asambaze, anayetangaza redioni au anayeweka hadharani nakala zilizochezewa. Wewe uko kwenye mguu wa pili. Kwa hiyo hiyo "mi sijafuta kitu" haikufikishi mbali, ni sawa na muuza magari yaliyosagwa namba za chesisi kujitetea kwamba tupa siyo ya kwake.

Kinachoweza kukuokoa ni kutojua, siyo kutofuta. Na hapa sheria inadai ujue mara mbili: ujue kwamba taarifa zimefutwa au kubadilishwa bila ruhusa ya mwenye haki, halafu ujue kwamba kitendo chako kinasababisha, kinawezesha, kinarahisisha au kinaficha uvunjaji wa hakimiliki. Kwenye kesi ya madai, yaani ile ya kudaiwa fidia, inatosha kwamba ulikuwa na sababu za kutosha za kujua hilo la pili. Kwenye jinai hapana, mwendesha mashtaka anatakiwa athibitishe kwamba ulijua kweli, pasipo shaka yoyote ya maana.

Usianze kushangilia lakini. Hakuna hakimu anayesoma moyo wa mtu, anaangalia vitu vilivyokuzunguka. Fungua hilo folda lako utaona mwenyewe: faili la MP3 lina sehemu zake za jina la wimbo, msanii, albamu, mwaka. Sasa kama nyimbo mia tatu za wasanii tofauti, sehemu ya msanii zote zimeandikwa jina la grupu la jamaa yako na namba yake ya simu, utamwambia nani kwamba hukuona? Ongeza bei uliyonunulia ambayo haifanani na bei ya kazi halali, ongeza meseji mlizotumiana, halafu ongeza huyo mteja aliyekuambia. Ujumbe wa mteja ndo mbaya kuliko vyote, kwa sababu kabla ya hapo ungeweza kubisha, na kuanzia siku aliyokuambia ukiendelea kuuza kila nakala inayotoka inatoka ukiwa umeshaambiwa. Na mahakama nyingi hazimhurumii mtu aliyefumba macho makusudi ili asione.

Simamisha mauzo leo. Usifute mafaili kwa hofu maana itaonekana unaharibu ushahidi, na wala usijifanye msamaria ukaanza kuyarudishia majina kwa kubahatisha, ukikosea utakuwa na wewe umeweka taarifa za uongo. Yaweke pembeni, muulize jamaa kwa maandishi mafaili kayatoa wapi na ruhusa iko wapi, akikaa kimya au akikujibu "we uza tu" basi jibu unalo, tafuta mwanasheria ukiwa bado hujatafutwa wewe.

Dada habari. Mi ni mpiga picha. Kampuni moja imechukua picha yangu, wakakata kona ya chini yenye jina langu, wakaichapa kwenye kalenda na wanaziuza. Nikawaandikia wakanijibu kwamba kukata picha siyo kosa, na kwamba jina langu lilikuwa maandishi tu, siyo "mfumo wa ulinzi". Ni kweli? – Mpiga picha

Hilo jibu lao lilishapelekwa mahakamani Marekani likakwama. Jarida la New Jersey Monthly lilichapisha picha ya watangazaji wawili wa redio, jina la mpiga picha likawekwa kwa maandishi madogo pembeni. Mfanyakazi wa kituo cha redio akaiskani picha, jina likakatwa, ikawekwa kwenye tovuti ya kituo na wasikilizaji wakaambiwa waichezee wanavyotaka. Mpiga picha akashtaki. Mahakama ya chini ikaona kama wanavyoona hao jamaa zako, kwamba jina lililochapwa tu bila kuwa sehemu ya mfumo wa kiteknolojia halilindwi na kifungu cha sheria yao kuhusu taarifa za haki, ila mwaka 2011 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa tatu, mojawapo ya mahakama za rufaa za shirikisho kule, ikalikataa hilo: kifungu kinasema jina la mtunzi, basi jina la mtunzi ni jina la mtunzi, hata likiwa limechapwa pembeni ya ukurasa.

Ila usiibebe kesi hiyo kama ngao ya kila mahali. Mkataba wa WIPO wenyewe unaongelea taarifa za kielektroniki, na nchi nyingi zimeshika neno hilo hilo. Kwa hiyo jambo la kwanza utakaloulizwa na mwanasheria ni hili: uliwapa au waliipata picha kwa njia gani? Kama walichukua faili la kidijitali lenye jina lako juu yake au ndani yake, uko vizuri karibu kokote kwenye sheria ya aina hii. Kama waliiskani kutoka kwenye karatasi, inategemea sheria ya nchi yako imeandikwaje, ingawa kesi ya kawaida ya kuvunja hakimiliki bado unayo palepale.

Ushahidi wako uuandae hivi. Chukua faili la awali lililotoka kwenye kamera, usilihariri, lifungue sifa zake uone mistari ya mwandishi, hakimiliki, tarehe ya kupiga, aina ya kamera, upige skrinshoti. Halafu nunua hiyo kalenda yao, ndiyo, nunua, risiti itunze, kwa sababu risiti inaonyesha biashara na biashara ndo inayosogeza kitu hiki kutoka kwenye madai kwenda kwenye jinai. Kama wameiweka pia kwenye tovuti ipakue picha yao uiweke sambamba na ya kwako, mahali jina lilipokuwa panaonekana wazi, na kama ndani ya faili wameacha tarehe na aina ya kamera ila mstari wa jina peke yake ndo mtupu, hapo umepata kitu kizuri sana maana programu inayofuta yenyewe kwa kawaida haichagui jina pekee ikaacha mengine, huo unaelekea kuwa mkono wa mtu. Na ile barua yao ya "kukata picha siyo kosa" itunze kama pesa. Wamekiri kukata, na wanaendelea kuuza baada ya wewe kulalamika.

Kitu kimoja cha kujua ni kwamba jinai huendeshi wewe. Wewe unapeleka malalamiko polisi au kwenye ofisi ya hakimiliki, uamuzi wa kushtaki unabaki kwa waendesha mashtaka, na kusema kweli kazi moja iliyokatwa jina mara nyingi haiwasukumi. Madai unayaendesha mwenyewe na fidia inakuja kwako, faini ya jinai inakwenda serikalini. Watu wengi wanaoniandikia wanataka mtu afungwe wakati kinachowauma ni hela.

Mi natengeneza tovuti za watu. Programu ninayotumia kupunguza ukubwa wa picha inafuta metadata yote yenyewe, yaani zile taarifa zilizomo ndani ya faili, sikuwahi hata kujua mpaka nilipokuja kusoma. Ina maana kila siku natenda kosa la jinai? – Fundi tovuti

Hapana, pumua.

Kuna kesi inayokuhusu moja kwa moja, ya wapiga picha za nyumba walioishtaki kampuni ya CoreLogic huko Marekani. Kampuni ilikuwa na programu wanazotumia madalali wa nyumba kupandisha picha, na programu zilikuwa zikipunguza ukubwa wa picha na metadata inapotea njiani. Wapiga picha walishindwa mwaka 2018 kwenye mahakama ya rufaa ya mzunguko wa tisa, na sababu ndo ile ya kujua mara mbili: haikutosha kuonyesha kwamba metadata ilifutika, ilibidi waonyeshe kwamba kampuni ilijua au ilikuwa na sababu ya kujua kwamba kufutika huko kutawezesha au kuficha wizi, na wao hawakuonyesha hata kwamba waliwahi kuitumia metadata kumkamata mwizi. Na hiyo ilikuwa kesi ya madai tu, ambako kipimo ni chepesi kuliko cha jinai.

Kupoteza metadata ni jambo la kila saa mtandaoni. Ukituma picha WhatsApp kama picha, taarifa za ndani zinaondolewa, ukiituma hiyo hiyo kama dokumenti inafika na kila kitu chake. Kama kila aliyefanya hivyo angekuwa mhalifu basi jela zisingetosha.

Lakini sasa umeshajua, na kwenye programu nyingi za namna hiyo kuna kisanduku cha kutiki kubakiza taarifa za hakimiliki, kitiki. Haikugharimu kitu zaidi ya kilobaiti chache. Na ukiona picha ya mteja ina alama ya jina la mtu juu yake, mteja akakuambia "ifute hiyo, inachafua", hapo hatuongelei tena programu inayofuta yenyewe, hapo ni wewe na mausi yako, muombe ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwenye picha au mwambie atafute picha nyingine.

Acha maneno mengi dada, adhabu yenyewe ni kiasi gani? – Msomaji

Haya. Inategemea nchi na tofauti ni kubwa kweli.

Marekani, sheria ya 1998, ukifanya kwa makusudi na kwa ajili ya faida ya kibiashara au kujipatia fedha binafsi: kosa la kwanza faini mpaka dola 500,000 au kifungo mpaka miaka 5 au vyote viwili, kosa la pili na kuendelea dola 1,000,000 na miaka 10. Mashtaka yafunguliwe ndani ya miaka 5. Pembeni kuna fidia ya madai, dola 2,500 mpaka 25,000 kwa kila kitendo, na hiyo "kila kitendo" ndo inayowaliza watu maana picha arobaini siyo kitendo kimoja. Japani ukifanya kwa lengo la faida ni mpaka miaka 3 au yeni 3,000,000 au vyote. India waliingiza kifungu cha 65B mwaka 2012, mpaka miaka 2 pamoja na faini, na kinawagusa wote, anayefuta na anayesambaza akijua. New Zealand ndo mfano ninaoupenda kuutaja kwa watu kama yule muuza mafaili wa barua ya kwanza, kwa sababu kule kosa la jinai limewekwa kwenye biashara yenyewe: anayeuza au kusambaza kibiashara kazi zilizochezewa taarifa za haki, akijua, mpaka dola 150,000 za kwao au miaka 5 au vyote viwili.

Uingereza wamekwenda njia nyingine, kifungu cha 296ZG cha sheria yao ya 1988 kinampa mwenye haki njia ya madai dhidi ya aliyechezea na dhidi ya anayesambaza. Usidhani ni ahueni, kuuza nakala za wizi kwenyewe kule ni jinai yenye kifungo mpaka miaka 10. Umoja wa Ulaya wana dairektivu ya 2001, kifungu cha 7 kinazitaka nchi wanachama ziweke ulinzi huu, ila adhabu kila nchi inajipangia.

Hizo zote ni kilele, siyo kile utakachopewa. Hakimu anaangalia idadi ya nakala, muda uliofanya, hela uliyoingiza, kama ni mara ya kwanza. Watu wanasoma "miaka 10" wanazimia, au wanasoma "mpaka" wanadharau, wote wawili hawajasoma sheria vizuri. Na kitu ambacho hakitajwi sana ila kinauma kuliko faini ni kunyang'anywa: mahakama za nchi nyingi zinaweza kuamuru nakala zote zikabidhiwe au ziharibiwe, na mara nyingine kompyuta na mashine zilizotumika zinaondoka nazo.

Mi ni prodyuza. Kuna jamaa kachukua wimbo niliotengeneza, kabadilisha jina la msanii na la prodyuza, kauombea ISRC mpya (namba ya utambulisho wa rekodi), kaupandisha kwenye majukwaa ya muziki kama wa kwake na hela inaingia kwake. Hajafuta tu, kaandika ya kwake. Inakuwaje? – Prodyuza aliyechoka

Pole kaka, na kwa upande wako wa kisheria hiyo ndo sura iliyo wazi kuliko zote. Kufuta jina mtu anaweza kusingizia programu, lakini programu haiwezi kukaa ikabuni jina la jamaa yako ikaliweka mahali pa jina lako.

ISRC ina herufi na tarakimu 12: tano za mwanzo zinaonyesha namba ilitolewa kupitia nani, mbili zinazofuata ni mwaka namba ilipotolewa, tano za mwisho ni za rekodi yenyewe. Rekodi moja inatakiwa iwe na namba moja maisha yake yote, hata ikiuzwa au ikihama kampuni. Kwa hiyo rekodi ile ile ikionekana na namba mbili, ya mwaka uliopita na ya mwaka huu, swali linajileta lenyewe. Zipange sambamba kwenye ukurasa mmoja, namba yako na tarehe ulipoipata, namba yake na tarehe yake, chini weka mafaili ya kazi ya studio, yale yenye ngoma peke yake, besi peke yake, sauti peke yake, ambayo jamaa kwa kawaida hana kwa sababu alichonacho ni wimbo uliokwisha kuchanganywa.

Mkataba wa WIPO unasema "kufuta au kubadilisha", na kuweka jina jingine juu ya la kwako ni kubadilisha. Marekani wameliweka na kosa la peke yake la kutoa au kusambaza taarifa za uongo za haki, akijua ni za uongo na akiwa na nia ya kuwezesha au kuficha wizi. Suala la faida ya kibiashara halina mjadala hapo, taarifa za malipo za jukwaa zitasema zenyewe kaingiza shilingi ngapi na lini.

Anza na jukwaa na msambazaji wake kabla ya polisi. Waandikie notisi ya hakimiliki, ila ndani yake usiishie kusema "wimbo wangu umeibiwa" maana barua za hivyo wanapokea kwa magunia, sema wazi kwamba taarifa za haki zimeghushiwa, weka namba zote mbili, omba wazuie malipo na watunze kumbukumbu za akaunti ile. Hiyo ya kutunza kumbukumbu usiisahau. Wimbo ukiondolewa tu na akaunti ikafutwa, utabaki na hasira bila karatasi.

Nimenunua kitabu, nyumbani nikabandua stika nikakuta chini kuna ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) nyingine na jina la mchapishaji mwingine. Nitakamatwa kwa kukisoma? – Msomaji vitabu

Hapana. Sheria hizi zinawinda anayeuza, anayesambaza, anayeingiza mzigo. Kusoma siyo kusambaza. Na stika siyo lazima iwe ghiliba, wachapishaji wenyewe hubandika wakibadilisha toleo au wakiuziana haki, mpelekee picha mchapishaji wa chini atakuambia. Ila ukiamua kukiuza tena, baada ya kujibiwa kwamba ni feki, hapo tutaongea vingine.

Sisi maktaba ya shule tunaskani kurasa, na ukurasa wa hakimiliki huwa tunauruka ili kuokoa karatasi. Tuko hatarini? – Mkutubi

Kwa jinai, mbali sana, hakuna biashara hapo na hamfichi kitu. Sheria ya Marekani hata imeandika wazi kwamba adhabu za jinai za kifungu hiki haziwahusu maktaba, hifadhi za nyaraka na taasisi za elimu zisizo za faida. Lakini jamani, ukurasa mmoja? Uskanini. Ndo unaomwambia mwanafunzi kitabu ni cha nani, na kama kuskani kwenyewe kuna ruhusa au hakuna, jibu mara nyingi limeandikwa kwenye ukurasa huo huo mnaouruka.

Hizi programu za akili bandia zinasoma makala zetu, majina yanaondolewa, zinauza majibu. Si ni kosa hilo hilo? – Mwandishi wa habari

Wenzako wameshajaribu hoja hiyo New York, kwa madai siyo kwa jinai, na majibu yamekuja mawili tofauti. Tovuti ya habari ya Raw Story na mwenzake AlterNet waliishtaki OpenAI, kampuni ya ChatGPT, kwamba iliondoa taarifa za haki kwenye makala zao, Novemba 2024 kesi ikatupwa kwa sababu jaji hakuona madhara halisi waliyoyapata. The Intercept, tovuti nyingine ya habari, nao wakaleta madai yanayofanana na sehemu ya madai yao ikaruhusiwa kuendelea. Kwa jinai mi sioni mwendesha mashtaka akikimbilia huko, ile kujua mara mbili ni mlima mrefu kwa kitu kinachofanywa na mashine kwenye mamilioni ya kurasa. Kumshtaki yule mwenye kalenda ni rahisi zaidi.

Shikamoo dada. Mume wangu kaajiriwa sehemu ya kuchapa, yeye ndo anayekaa kwenye kompyuta. Bosi anamletea mafaili ya vitabu vya watu, anamwambia afute ukurasa wa mbele, abadilishe jina la mchapishaji na namba, halafu wanachapa na kuuza. Mume wangu anasema yeye ni mfanyakazi tu anafuata maagizo. Mi silali. – Mke mwenye wasiwasi

Marahaba mdogo wangu, na pole, barua yako niliisoma mara mbili.

Nikuambie bila kuzungusha. Kuagizwa na bosi siyo kinga kwenye kosa la jinai. Mumeo ndiye anayebadilisha kwa mkono wake, anajua ruhusa haipo, anajua vinakwenda kuuzwa, hayo ndo yale yale tunayoyatafuta kwa mtu. Bosi naye hakwepi, yeye ndo anayefaidika na ndo anayeuza, na sheria za nchi nyingi zinaruhusu wakurugenzi washtakiwe pamoja na kampuni kama walijua au waliruhusu. Ila siku polisi wakiingia kompyuta watakayoikuta inafanya kazi ni ya mumeo, jina lililoingia kwenye mashine ni la kwake, na mafaili yenyewe yanahifadhi jina la akaunti iliyohariri na saa ya kuhariri. Wakati huo bosi anaweza kusema hajui huyo kijana alikuwa anafanya nini usiku.

Kuna tofauti kati ya mtu aliyefanya bila kuelewa na mtu aliyeelewa akaendelea, na tofauti hiyo mumeo bado anaweza kuitengeneza, lakini siyo kwa kunyamaza. Jambo la kwanza amuulize bosi kwa meseji, siyo kwa mdomo, kwa lugha ya heshima tu: "Bosi, hiki kitabu tuna ruhusa ya mchapishaji kubadilisha jina na namba? Naomba nione karatasi yake." Kama ruhusa ipo bosi ataitoa na wote mtalala, kampuni huwa zinanunuliana haki kihalali na kubadilisha jina la mchapishaji kwa ruhusa siyo kosa hata kidogo. Kama haipo, meseji hiyo na jibu lake vitakuwa ndo vitu vya kwanza atakavyovionyesha kwa mwanasheria, na baada ya jibu la hovyo asiguse faili jingine hata moja, maana akiuliza halafu akaendelea ameshajiandikia mwenyewe kwamba alijua.

Asichukue mafaili ya kazini kuyaleta nyumbani kama ushahidi, hizo ni nakala za wizi na zitakutwa kwenye mfuko wake. Meseji na maagizo aliyoandikiwa yanatosha. Kisha aonane na mwanasheria kabla ya kwenda kutoa maelezo popote, ofisi nyingi za msaada wa kisheria zinasikiliza mara ya kwanza bila malipo, aende na simu yake ikiwa na zile meseji hajazifuta.